Sura ya Nne: Nusu Mzunguko

Karatasi ilikuwa imekwisha kupigwa chapa kabla upelelezi haujaanza. Sajenti Casimir aliisoma mara mbili akiwa amesimama, maana Bwana Administrata, mzungu aliyetawala Teritware nzima ya Fizi, hakuwa na desturi ya kumpa kiti, na mstari wa mwisho aliurudia mara ya tatu. Karatasi ilisema kwamba Jumanne, tarehe kumi Julai 1956, katika uwanja wa ghala la pamba la Fizi, makanika Fabien aliifungua kriki ya hewa iliyokuwa imeinua kamyo, lori la pamba lililovunjika springi, kamyo ikamwangukia mwenzake Assani, naye akafa papo hapo. Ilisema pia kwamba Fabien mwenyewe amekiri. Kilichobaki ni dole gumba la mjane.

"Utashuka Baraka leo," alisema Administrata. "Ule mama aweke kidole. Kesho saa ine kamyo ya Uvira inaenda na mufungwa ku gereza ya kule."

"Na miye nitapeleleza nini, Bwana?"

"Hakuna kitu ya kupeleleza. Amekubali."

Casimir alipiga saluti. Miaka kumi na mitatu katika polisi ya Teritware ilikuwa imemfundisha kupiga saluti huku moyoni akisema hapana, na siku hizi ile hapana ilikuwa imeanza kumshinda nguvu. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye gari, alikata kona akaenda mahabusu.

Fabien alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani. Alikuwa Mubembe wa Mboko, mfupi, mwenye vidole vilivyoingia grisi hadi kwenye mifupa. Hakuinuka alipomwona sajenti. Casimir alipenda jambo hilo kuliko alivyotaka kuonyesha, akaketi naye sakafuni.

"Naambiwa umekubali ulifungua kriki."

"Miye nilisema nilifunga. Beye bakaandika nilifungua." Fabien alicheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Waulize kama masikio yabo iko ndani ya kalamu."

"Banasema tena mulikuwa mumegombana na Assani kule ziwani ku Swima, juu ya nyavu ya samaki."

"Tuligombana mwaka jana. Jioni ile ile tukakula sahani moja. Shefu, weye haujagombanaka na muntu unamupenda?"

Casimir alifungua daftari lake. "Basi anza ku mwanzo. Fanya sawa vile ni miye nakwenda kuinua kamyo, na sijui kitu."

Hapo Fabien alibadilika. Mgongo ulinyooka, mikono ikatoka magotini, na kwa mara ya kwanza alizungumza kama mtu mwenye kazi yake. Alisema unaanza na ardhi: ngumu, sawasawa, isiyo mteremko. Unaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Unawasha mashine ya hewa, lakini kwanza unafungua kizibo cha tangi lake utoe maji, maana hewa yenye maji inaozesha kriki kwa ndani. Unaweka kriki katikati kabisa ya ekseli. Unafunga skrubu ya chini, ile inayozuia mafuta yasirudi na kamyo isishuke, kwa ufunguo wake, unakaza, ndipo unabonyeza mkono wa hewa. Hewa inasukuma mafuta, mafuta yanasukuma pistoni, kamyo inapanda.

"Na ikisha kupanda?"

"Ikisha kupanda unaweka viguu vya chuma, huku na huku. Unashusha kidogo, kamyo ikalie chuma. Kriki ni ya kuinua, shefu, haiko ya kushikilia. Muntu asiingie chini ya kitu inashikiliwa na mafuta tu."

"Jumanne viguu ilikuwa wapi?"

"Uliza Bwana Roger." Roger ndiye mzungu mkuu wa garaji ya kampuni ya pamba huko Baraka.

"Na ufunguo ulikuwa na nani?"

"Na Assani. Ni sheria yetu: anayeingia chini ndiye anashika ufunguo, muntu mwingine asifungue kwa bahati mbaya. Miye nilikuwa ku mashine ya hewa, mita kumi. Nikasikia kishindo. Nikakimbia, nikatoa ufunguo mukononi mwake, nifunge, niinue tena." Fabien alizungusha kiganja hewani. "Ukazunguka nusu. Nusu nzima. Na Assani nilimuona akifunga, alikaza mupaka mishipa ya shingo ikatoka."

Hiyo nusu ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya Administrata kama kukiri: skrubu ilikutwa wazi nusu mzunguko, na ufunguo ukakutwa mfukoni mwa mshtakiwa. Casimir aliiandika tena katika daftari lake, akaipigia mstari chini. Mtu mwongo angesema haikuzunguka hata kidogo.

"Asubui ile kriki ilifanya kazi vizuri?"

"Ilikuwa nzito. Ilipanda kwa taabu, ikakohoa. Tulifika jana yake usiku, ikalala inje, skrubu wazi sawa siku zote. Miye nikafikiri ni baridi ya huku ku mulima."

"Ilikuwa na mafuta gani ndani?"

Fabien aliangalia chini. Alikuwa amejibu kila swali akimtazama sajenti usoni, na sasa aliangalia vidole vya miguu yake mwenyewe.

"Mafuta ni mafuta," alisema, na hakuongeza neno.

Kriki ilikuwa imefungiwa katika stoo ya kizibiti, imefunikwa gunia. Casimir na shofere wake waliitoa hadi barazani, kwenye baridi iliyokuwa bado inatoa moshi vinywani mwao. Bamba lake la shaba lilisema tani kumi. Mpira wa hewa haukuwa na tundu, wala mwili wake ufa. Alipitisha kidole kila mahali kama daktari anayetafuta jipu. Mwisho alifungua kizibo kidogo cha kujazia mafuta, akachomeka unyasi. Unyasi ulitoka na kitu kizito cha manjano kilichoshikamana kama ugali laini.

"Grisi," alisema shofere.

"Nani anaweka grisi ndani ya kriki?"

"Muntu mujinga."

Jibu lilikuwa zuri, lakini Assani hakuwa mjinga, na Fabien ndiyo kabisa hakuwa. Casimir alirudisha kizibo, akaamuru kriki ipakiwe nyuma ya gari. Administrata hakuwa amemkataza. Hakuwa amemruhusu pia, ila hilo Casimir hakuona haja ya kulikumbuka mapema hivyo.

Kutoka Fizi kwenda Baraka barabara inateremka muda wote, na kila kona unavua kitu: kwanza koti, kisha kofia, kisha uvumilivu. Walipofika ziwani ilikuwa yapata saa tano na jua lilikuwa linapiga bila huruma. Casimir alishuka akazunguka nyuma ya gari, akasimama ghafla. Ubao wa gari ulikuwa na matone mekundu.

Aliwaza damu. Alikuwa amemwona Assani siku ya Jumanne kabla ndugu zake hawajamteremsha Baraka kumzika. Kisha aligusa tone, akalinusa, akabaki na kidole puani kama mtoto. Alifungua tena kizibo kile kile alichokifungua Fizi. Hakukuwa na kitu cha manjano wala kizito. Ndani mlijaa mafuta mekundu, mepesi, yakicheza kama maji.

"Mawese," alisema shofere, akaangalia huku na huku utadhani ametukana. "Shefu, haya ni mafuta ya kupikia sombe."

Casimir alifuta kidole kwenye gunia. Alikuwa anaona asubuhi ya Jumanne ikijipanga kichwani mwake, kipande kwa kipande. Mawese yaliyolala nje kwenye baridi ya Fizi, yameganda hata katika kile kitundu cha skrubu. Assani anakaza ufunguo kwa nguvu zake zote, naye anakaza juu ya mafuta yaliyoganda, si juu ya chuma. Kriki inashika. Halafu jua linapanda, uwanja unapata joto, mafuta yanayeyuka na kuacha nafasi ya nusu mzunguko. Hakuna aliyefungua kitu. Alitoa chupa ya dawa iliyokuwa tupu, akaijaza mafuta yale, akaifunga kwa nta mbele ya shofere, wote wawili wakaandika majina.

Sasa alihitaji kujua nani aliyamimina. Ukiwapa wakubwa nusu ya ukweli wataimalizia wenyewe, na Casimir alijua watakavyoimalizia: makanika wameiba mafuta ya kampuni na kuweka ya kupikia. Fabien angekwenda Uvira vile vile.

Bwana Roger alimpokea chini ya paa la mabati la garaji, shati limelowa jasho mgongoni. Kando yake makanika mmoja kijana aitwaye Placide alikuwa anasugua plagi kwa brashi, macho kwenye plagi.

"Sajenti, weye unataka nini? Kila kitu imeandikwa."

"Kitu kidogo tu, Bwana. Administrata anapenda karatasi iwe kamili. Ile kriki ilikuwa nzima?"

"Nzima kabisa. Miye mwenyewe niliitazama Jumatatu, kabla bapande mulima."

"Na mafuta?"

"Na mafuta, na yote. Andika: Roger aliitazama, iko muzuri, makosa ni ya ule Fabien."

Casimir aliandika neno kwa neno, kwa mwandiko wake mzuri kuliko wote, akageuza daftari. Roger alitia sahihi bila kusoma. Shofere nje alikohoa.

"Na viguu vya chuma, Bwana? Banasema kamyo haikukalia viguu."

"Balisahau kubeba. Hawa bantu basahaulifu."

Placide aliacha kusugua. Bila kuinua kichwa aligeuza shingo polepole kuelekea ziwani, akaiacha hapo hadi Casimir alipoona. Kisha brashi ikaanza tena.

Hatua mia moja kutoka garaji, juu ya mchanga, ilisimama mashua ya Bwana Roger ya kwendea kuvua Jumapili. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya samawati. Ilikuwa imekalia viguu vinne vya chuma vya kampuni, vya tani tano tano, na chini yake majani yalikuwa yamekwisha kuota. Casimir aliandika hayo pia.

Zubeda, mjane wa Assani, alikuwa katika siku ya tatu ya eda. Mlangoni alisimama Waziri, kaka wa marehemu, muuzaji wa chumvi na kanga, mtu wa heshima aliyechoka kuonekana ana heshima. Casimir alivua viatu, akaketi mkekani. Chumba cha ndani kilifungwa kwa pazia, na nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anapumua.

"Poleni na msiba," alisema Casimir.

"Tumeshapoa, sajenti," alijibu Waziri. "Leta wino. Ataweka kidole."

"Asome kwanza," ilisema sauti nyuma ya pazia. "Ao anisomee. Siweki kidole ku kitu sijasikia."

Waziri alifungua mdomo. Casimir akamtangulia kusoma, akitafsiri kila sentensi kutoka Kifaransa, hadi mwisho. Mtoto alilia nyumba ya jirani, akabembelezwa.

"Na Fabien," aliuliza Zubeda, "anasema nini juu ya mafuta?"

Casimir aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi. Hakuwa ametaja mafuta. "Hasemi kitu, mama. Nilimuuliza, akanyamaza."

"Hata sasa ananyamaza?"

"Hata sasa. Kesho saa ine banamupeleka Uvira."

Pazia lilitikisika. Waziri aliinuka nusu. "Shemeji, nyamaza. Tulisha kusema."

"Ulisema weye. Miye sikusema kitu."

"Bantu batasema umeua bwana yako."

"Baseme." Sauti haikupanda. "Baseme ku soko, baseme ku musikiti, baseme mbele yangu kama banaweza. Ule muntu iko na bibi na batoto ku Mboko, na anaenda kufungwa juu ya kunifichia miye. Assani akisikia vile, atanikataa ku kaburi yake. Sajenti, andika."

Casimir aliandika. Zubeda alieleza bila kulia, kama mtu anayehesabu nguo za kufua ili asisahau moja. Yeye anauza mawese sokoni. Kriki ilikuwa inakauka tangu mwezi wa sita. Mafuta yake hutoka Usumbura na yalikuwa hayajafika. Assani aliomba kwa Bwana Roger mara tatu. Mara ya tatu Bwana Roger akamjibu mbele ya wenzake: bibi yako anauzisha mafuta, enda kwake, mafuta ni mafuta, na kazi ikisimama nitakufukuza.

Mafuta ni mafuta. Maneno yale Casimir aliyasikia asubuhi mahabusu, na alidhani ni ya Fabien.

"Akakuja na chupa ya kampuni," aliendelea Zubeda. "Nikaiosha na majivu na mchanga. Nikachagua mawese ya kwanza, nikachuja mara mbili na kitambaa, taka isiingie ku kyombo chake. Huku Baraka ilifanya kazi juma nzima. Akanishukuru. Alikuja ku nyumba akanishukuru." Hapo ndipo sauti ilipokatika, kwa muda mfupi. "Hatukujua baridi. Nani huku anajua baridi?"

Waziri alikuwa amekaa tena, viganja usoni. Casimir alimaliza, akamsomea Zubeda maneno yake mwenyewe kwa Kiswahili, naye akasahihisha mahali pawili. Mkono ulitoka chini ya pazia, ukatafuta karatasi kwa kupapasa, ukakandamiza dole gumba kwa nguvu hata wino ukatapakaa.

Jioni Casimir alirudi Fizi. Aliiweka kriki barazani pa ghala la pamba, skrubu wazi, kama makanika walivyoiacha usiku ule wa kwanza. Akaiwekea mlinzi, na mlinzi mwenyewe akamwekea daftari la kutia alama kila saa.

Asubuhi ya Ijumaa ukungu ulikuwa bado umelala uwanjani Bwana Roger alipofika na Placide, springi mpya ya kamyo na mashine ya hewa. Kamyo ilikuwa pale pale ilipomuua Assani, na pamba yake mgongoni. Roger alitaka kriki yake.

"Hii hapa, Bwana," alisema Casimir. "Weye ulisaini ni nzima."

Administrata naye alikuwa ametoka na kikombe chake cha kahawa, maana mfungwa wa Uvira alikuwa amekwisha kuletwa uwanjani, pingu mikononi, na sajenti alikuwa ameomba jambo moja tu kwa adabu zote: Bwana ashike ufunguo wa kriki yeye mwenyewe mara skrubu itakapofungwa. Administrata alikubali kwa sababu alidhani ni heshima.

Placide aliweka mawe kwenye magurudumu, akatoa maji kwenye tangi, akaweka kriki katikati ya ekseli. Alikaza skrubu mpaka uso ukabadilika rangi. Casimir alimpokea ufunguo, akampelekea Administrata, ukaingia mfuko wa shati. Hewa ikafunguliwa. Kriki ilikohoa, ikasita, ikapanda, na kamyo ikapanda nayo. Placide alizima hewa. Casimir alisimamisha ubao kando ya bampa, akachora mstari wa chaki.

"Ingia, ubadilishe springi," Roger alimwambia Placide.

"Viguu iko wapi, Bwana?"

"Hakuna viguu. Ingia."

"Siingii."

"Nitakufukuza kazi."

"Ufukuze," alisema Placide, akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

Wapakiaji wa pamba walikuwa wameacha magunia yao. Casimir alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya mahakamani: Roger aliitazama, iko muzuri. Akafunga.

"Bwana Roger, huyu kijana anaogopa kriki. Weye unaijua vizuri. Ingia kidogo tu, ulale pale Assani alilala, bakuone. Halafu nitaamini karatasi yako, na Fabien ataenda Uvira."

"Unacheza na miye?"

"Sichezi. Nimevaa nguo ya kazi."

Roger aliangalia chini ya kamyo. Administrata aliangalia Roger. Hakuna aliyesogea, na jua likapanda juu ya mgongo wa mlima, likamwagika uwanjani, likafika kwenye chuma cha kriki. Casimir alingoja. Alikuwa amepanga kungoja hata hadi saa nne, kamyo ya Uvira itakapoondoka, ila haikufika huko. Mstari wa chaki ulikuwa umepitwa kidole kimoja. Halafu viwili. Kamyo ilishuka kimya, bila haraka, kisha ghafla ikajitupa yote na bampa likauangusha ubao, na vumbi likatoka.

Administrata alishika mfuko wake. Ufunguo ulikuwemo.

"Utoe, Bwana, umupatie yeye," alisema Casimir, na Fabien, pingu mikononi, akapiga magoti, akautia ufunguo kwenye skrubu ambayo Placide alikuwa ameikaza mbele ya macho yao wote. Ulizunguka nusu.

Casimir aliivuta kriki, akamimina mafuta yake mekundu ardhini, kwenye vumbi la Fizi. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mafuta gani.

"Basi baliiba mafuta yangu," alisema Roger haraka. "Baliyauzisha—"

"Ni weye ulisema," alimkata Placide. "Miye nilikuwa pale. Mafuta ni mafuta, ulisema. Na viguu iko chini ya mashua yako, Bwana, mupaka leo."

Casimir alimkabidhi Administrata maelezo ya Zubeda na chupa yenye nta. Yule mkubwa alisoma amesimama, mpaka kahawa ikapoa. Alipomaliza hakumtazama Roger.

"Mumufungue," alisema.

Mlinzi alikuja na ufunguo wa pingu. Fabien, bado magotini, aliiingiza mikono yake katikati ya mapaja, akaifinya hapo.

"Bado. Ile karatasi inasema nilikubali. Mupasule."

Casimir aliipasua mara nne.

"Sasa enda ku kwako," alisema Administrata.

"Bado. Kesho Baraka yote itasema mafuta ya Zubeda iliua bwana yake. Muandike kosa haiko yake. Muandike ni nani aliamuru. Musaini, miye nitaipeleka na mukono yangu."

"Na miye nikikataa?"

"Basi munirudishe ndani. Kamyo ya Uvira iko pale."

Administrata alimgeukia sajenti wake, pengine akitafuta msaada. Casimir alikuwa amekwisha kuandika. Alichovya kalamu, akaishika mbele ya uso wa mkubwa wake. Mkubwa alisoma, akapumua kwa pua, akatia sahihi.

Fabien alingoja wino ukauke. Ndipo alipoinuka, akaitoa mikono yake na kumnyooshea mlinzi.